Mapacha wa zamani au mmoja wa kisasa? Prosesa ya seva na hesabu ambayo haiko kwenye profoma

Mzee mmoja mwenye maduka ya vipuri vya magari pale Gerezani aliniita ofisini kwake, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya maboksi ya breki, kisha akanipa simu yake nisome profoma mbili alizotumiwa kwa WhatsApp. Ya kwanza ilikuwa ya seva iliyotumika, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine, yenye prosesa mbili za Intel, Xeon E5-2680 v4. Ya pili nayo ni ya seva iliyotumika, ila ya miaka ya karibuni zaidi, yenye prosesa moja tu ya AMD, EPYC 7302P. Hii ya pili ilikuwa na bei kubwa kuliko ile ya kwanza, na hapo ndipo mzee alipokwama.

"Fundi, nisaidie hesabu," akasema. "Huyu wa kwanza ananipa kore ishirini na nane. Huyu wa pili ananipa kumi na sita, halafu anataka hela nyingi. Anajiona nani?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa. Naulizwa hilo karibu kila wiki, mara Kariakoo, mara Posta, mara Mikocheni. Tuanze na prosesa zenyewe, yaani ubongo wa kompyuta.

E5-2680 v4 ilitoka Machi 2016. Kila moja ina kore 14, yaani wafanyakazi 14 ndani ya prosesa, na nyuzi 28, yaani mikondo ya kazi, miwili kwa kila kore. Mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.4 na ikijikaza hufika 3.3. Joto lake limepigiwa hesabu ya wati 120. Siku inatoka, Intel waliiwekea bei ya dola 1,745. EPYC 7302P ilitoka Agosti 2019 ikiwa na kore 16, nyuzi 32, mwendo wa kawaida gigahezi 3.0, kileleni 3.3, wati 155, na bei ya dola 825. Herufi P iliyo mwishoni ina maana yake: prosesa hii hukaa peke yake kwenye mashine, haikubali mwenza.

Umeona bei? Ile mpya ilitoka kwa chini ya nusu ya bei ya ile ya zamani, na bado ina kore mbili za ziada. AMD walikuwa wanarudi kwenye soko la seva baada ya kuachwa nyuma kwa miaka mingi, kwa hiyo walipiga bei. Lakini leo hakuna anayenunua Xeon hiyo kwa bei ya 2016. Makampuni ya Ulaya na Marekani yamezitoa kwenye vyumba vyao kwa mafungu, zikaingia kwenye mitumba ya kompyuta, na prosesa yenyewe sasa haifiki hata sehemu ya ishirini ya bei yake ya zamani. Ndiyo maana muuzaji wa kwanza anaweza kukupa mbili kwa mpigo na bado akatabasamu.

Kinachowapoteza wengi ni ile namba 3.3 iliyoandikwa kwa wote wawili. Gigahezi huhesabu hatua. Nenda shimoni sokoni uangalie makuli: wawili wanaweza kwenda kwa hatua zilezile, mmoja ana gunia moja begani, mwenzake ana gunia na kiroba juu yake. Ukihesabu hatua utasema wako sawa. AMD wenyewe walisema Zen 2, kizazi cha EPYC hii, hufanya kazi takriban asilimia 15 zaidi kwa kila hatua kuliko kizazi chao kilichotangulia, na kile kilichotangulia tayari kilikuwa kinakaribiana na hizi Xeon za 2016. Halafu ile 3.3 ya Xeon ni ya kore moja au mbili zikiwa peke yake kazini. Zikiamka zote 14, mwendo hushuka hadi karibu 2.9. EPYC huanzia 3.0 hata zikiwa zote zinachapa kazi. Kwa hiyo ukichukua kore moja ya huku na moja ya kule, ya AMD inaondoka mbele, na kadiri seva inavyozidi kubanwa ndivyo pengo linavyoonekana.

Kashe nayo, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, hutangazwa kwa mbwembwe: megabaiti 35 kwa kila Xeon, 128 kwa EPYC. Kashe ni meza ya fundi. RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, ni stoo. Kilicho mezani unakichukua bila kunyanyuka. Sasa, ile 128 si meza moja kubwa. Ni meza nane za megabaiti 16, kila moja inahudumia kore mbili. Kore moja ya Xeon inaweza kunyoosha mkono kwenye megabaiti zote 35 za prosesa yake, ya EPYC inaishia kwenye 16 zake. Sijawahi kumsikia muuzaji akilisema hili. Kwa duka lenye watumiaji wengi, kila mmoja na kazi yake ndogo, meza nane ni nzuri sana. Kwa kazi moja yenye data nyingi inayotaka kutandazwa yote mahali pamoja, faida hiyo hupungua.

Turudi kwenye kore 28 za mzee, maana ndizo zilizomteka.

Fikiria shughuli, pilau la wageni mia tatu. Kumenya vitunguu, kusaga tangawizi, kukata nyama, kuchambua mchele: hizo unaweza kuwagawia watu. Lakini sufuria likishakaa motoni, hata ukiita mtaa mzima, wali utaiva kwa muda wake. Tuseme kazi nzima ingemchukua mpishi mmoja dakika 100, na kati ya hizo 80 zinagawika, 20 hazigawiki. Wapishi 28 watamaliza zile 80 kwa karibu dakika 3, ongeza 20 za moto, jumla 23. Wapishi 16 watazimaliza kwa dakika 5, ongeza 20, jumla 25. Watu 12 wa ziada wamekuokolea dakika mbili. Sasa wape wale 16 mikono myepesi zaidi kwa asilimia 15, na jiko lenye moto mkali kwa kiasi hicho hicho: wanamaliza chini ya dakika 22, wanawapita wale 28. Mhandisi Gene Amdahl wa Marekani aliieleza hoja hii mwaka 1967, wakati kompyuta zilikuwa na ukubwa wa chumba, na hadi leo hakuna kiwanda kilichofanikiwa kuikwepa.

Nina mteja Ubungo mwenye mapacha haya haya ya Xeon. Aliniita akilalamika kwamba programu yake ya stoo inatambaa. Nilifungua dirisha la Windows linaloonyesha shughuli za prosesa, nikamwambia msichana wa kaunta abonyeze taarifa ya mwisho wa mwezi. Mduara ukaanza kuzunguka kwenye skrini yake. Kwangu, matumizi ya prosesa yalisimama asilimia 2. Bosi alikuwa nyuma yangu, akaniambia, "Si unaona? Mashine imelala, tatizo ni intaneti." Intaneti haikuhusika. Mapacha wana nyuzi 56 kwa jumla. Programu ile ilikuwa imeandikwa kutumia uzi mmoja, na uzi mmoja kati ya 56 hata ukitoka jasho hadi mwisho hausomeki zaidi ya asilimia 2. Nyuzi 55 zilikuwa zimekaa barazani zikimwangalia mwenzao akilima. Nilipopanga dirisha lionyeshe kila uzi kwa kisanduku chake, kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu, vingine vyeupe.

Programu nyingi za uhasibu na stoo zinazotumika mjini hapa zina tabia hiyo, hasa zile zilizoandikwa zamani na kuongezewa viraka. Huna haja ya kumuuliza aliyeiuza. Fungua dirisha hilo wakati wa kazi nzito, uangalie visanduku.

Mapacha wana jambo jingine ambalo mtu hulisahau. Prosesa mbili maana yake ni stoo mbili. Kila Xeon ina RAM zake upande wake. Kazi ikiwa kwenye prosesa ya kwanza na data imelala kwenye RAM ya prosesa ya pili, inabidi ivuke, kama mtu wa Posta aliyesahau funguo Kigamboni. Feri ipo, inafanya kazi, utafika. Lakini mwenzako aliyekuwa na funguo mfukoni ameshaingia ndani. Mfumo wa Windows au Linux hujitahidi kuweka kazi na data yake upande mmoja, na mara nyingi hufanikiwa, ila hifadhidata moja kubwa iliyotapakaa pande zote mbili hulipa nauli ya feri siku nzima. EPYC hii, kwa kuwa iko peke yake, haina kivuko cha namna hiyo.

Kwenye RAM naomba nikiri kosa langu mwenyewe. Kila Xeon hii ina chaneli 4 za RAM, EPYC ina 8. Chaneli ni milango ya stoo. EPYC 7302P ikiwa na vipande vinane vya RAM ya DDR4 vya mwendo wa 3200, inaweza kupitisha karibu gigabaiti 205 kwa sekunde. Mapacha kwa pamoja, wakiwa wamejazwa RAM za 2400, ni karibu 154. Seva yangu ya kwanza ya EPYC niliinunua na vipande viwili vya gigabaiti 64, nikajisifu kwamba nimeacha nafasi ya kuongeza baadaye. Mashine ikawa nzito kuliko nilivyotarajia, nikailaumu AMD, nikawalaumu Windows, nikabadilisha diski. Wiki nzima. Kumbe nilikuwa nimefungua milango miwili kati ya minane. Ile 205 niliyoilipia ilikuwa imebaki 51. Gigabaiti 128 hizohizo zingekuwa vipande vinane vya 16, nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Haya, umeme. Kila mtu Dar anauliza umeme kwanza, na mimi nasema si wa kwanza. Mapacha ni wati 240 kwa hesabu ya kiwandani, EPYC 155. Tofauti ni wati 85, ambazo kwa saa 24 hufanya uniti mbili kwa siku. Kwa LUKU ya kawaida, ukijumlisha kodi na tozo, uniti inakuja kama shilingi 350 hivi. Shilingi mia saba kwa siku, elfu ishirini na moja kwa mwezi. Ongeza kidogo kwa ajili ya kiyoyozi, kwa sababu kila wati inayoingia kwenye seva inatoka ikiwa joto na kiyoyozi lazima kilitoe nje, na Februari ya Dar haina msaada. Hiyo ni hesabu ya seva inayokimbia mbio zake zote mchana na usiku, kitu ambacho seva ya duka haifanyi. Na EPYC ikikaa bure haizimi taa zote. Kipande chake cha kati kinachoshughulikia RAM na diski hubaki macho. Kwa hiyo tofauti halisi kwenye LUKU ni ndogo kuliko hiyo.

Pale umeme unapokatika ndipo wati zinapouma. Betri ya UPS ikibeba mzigo mwepesi hudumu zaidi, na hizo dakika za ziada ndizo zinazomwezesha kijana wa kaunta kuhifadhi mauzo na kuzima mashine kwa utaratibu, au jenereta iwake kabla hifadhidata haijaharibika. Mzee ana UPS ndogo. Hilo nililiandika kwenye daftari.

Sasa leseni, ambako profoma nyingi hukaa kimya. Windows Server Standard hulipiwa kwa kore. Kima cha chini ni kore 16 kwa seva, hata kama yako ina 4. EPYC 7302P ina 16 kamili: unalipa kima cha chini na umemaliza. Mapacha wana 28, na zote lazima zilipiwe, zinazofanya kazi na zile zilizokaa barazani. Toleo la 2022 lilikuwa na bei ya orodha ya dola 1,069 kwa kore 16. Kore 12 za ziada za mapacha, kwa kiwango hichohicho, ni kama dola 800. Hebu irudie tena: kore za ziada ambazo muuzaji anakupa kama zawadi zinakudai leseni inayokaribia bei ya EPYC mpya ilipotoka kiwandani. Kwa shilingi ni karibu milioni mbili.

Na haiishii hapo. Leseni hiyo inakuruhusu mashine pepe mbili za Windows ndani ya seva, yaani kompyuta za programu tu zinazoishi ndani ya ile moja. Ukitaka nne, unazilipia kore zote upya: 56 kwa mapacha, 32 kwa EPYC. Hifadhidata ya Microsoft nayo inaweza kulipiwa kwa kore, na yake ni ghali kuliko Windows yenyewe kwa mbali.

Najua kuna wasomaji wanaocheka hapa, wale ambao "leseni" yao iliwekwa na kijana mwenye flashi. Siwaandikii hao, ingawa wengi wao watanipigia siku wakaguzi watakapobisha hodi.

Geuza upande wa pili. Ukitumia Linux, hesabu yote ya leseni hapo juu inayeyuka, na mapacha wanakuwa mali. Nina seva ya namna hiyo kwenye chumba changu cha mafunzo Sinza. Vijana kumi na wawili kila mmoja na mashine pepe yake, anaivunja, anaijenga tena, hamsumbui jirani. Hapo kila mpishi ana sufuria lake, na kore 28 zinalipa. Kazi za kubadili video, kuhifadhi nakala za usiku, kujaribisha programu, mapacha huzibeba vizuri, na kwa jumla ya kazi nyingi ndogo za pamoja hawaachwi mbali na EPYC. Kwa baadhi wanaipita. RAM zao ni rahisi kupatikana na seva zenyewe kwa kawaida zina nafasi nyingi za kuzichomeka. Mtu akiniambia ana bajeti ndogo na kazi za aina hiyo, namwambia achukue mapacha na chenji anunue SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kwa kweli seva nyingi za zamani zinazouzwa hapa bado zina diski za kuzunguka, na hizo zinachelewesha kazi kuliko prosesa yoyote niliyoitaja.

Mawili ya haraka. Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Meltdown. Xeon hizi ziliguswa, prosesa za AMD hazikuguswa na huo. Dawa yake hupunguza mwendo kidogo kwenye kazi zinazosoma na kuandika diski mara kwa mara, kama hifadhidata, kwa hiyo vipimo vya Xeon vya 2016 unavyovikuta mtandaoni vinaisifu kuliko inavyostahili leo.

La pili linahusu EPYC, na limemliza fundi mwenzangu. Baadhi ya watengenezaji wa seva huifunga EPYC kwenye mazabodi zao (bodi kuu inayobeba prosesa) kwa sababu za usalama: siku prosesa inapowashwa mara ya kwanza, alama huchomwa ndani yake na haifutiki tena. Mwenzangu aliagiza EPYC iliyotumika, peke yake bila seva, kwa bei ya kutupa. Akaiweka kwenye mazabodi ya kampuni nyingine. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi. Prosesa nzima, haina ubovu wowote, ila haitawaka kwenye nyumba nyingine. Ukinunua EPYC ya mitumba, nunua seva kamili na uione ikiwaka kwa macho yako. Xeon za zamani hazina kifungo hicho. Ilimradi mazabodi inaikubali v4 na programu yake ya kuwashia imesasishwa, inafanya kazi.

Nilimweleza mzee yote hayo, kwa maneno machache kuliko haya, huku simu yake ikiita na wateja wakiulizia shokapu za Noah. Programu yake ni ya Windows, ana hifadhidata moja, ana taarifa moja nzito ya mwisho wa mwezi inayotumia uzi mmoja, na UPS ndogo. Kwa mtu kama yeye, seva ya bei kubwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Nikamwandikia nyuma ya risiti: EPYC, gigabaiti 128 kwa vipande vinane, SSD mbili, leseni ya kore 16.

Akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo yule wa kwanza alikuwa ananiuzia watu wa kukaa barazani."

"Kwa kazi yako, ndiyo mzee."

Akachukua simu, akampigia muuzaji wa pili. Nilidhani ataanza na kuomba apunguziwe, maana namjua. Swali lake la kwanza likawa, "Kijana, hizo RAM ziko vipande vingapi?"